Gari nililoliinua, na magoti ya mama

Ndugu yangu, sina uso leo.

Ulinishauri nianze na vikanyagio vya kupandia mlangoni kabla ya kuliinua gari, nikakucheka. Nikafunga matairi makubwa na springi ndefu, gari likasimama juu kama ghorofa.

Asubuhi nampeleka mama kliniki. Kafungua mlango, kainua mguu, goti likagoma. Kajaribu tena. Likagoma.

Nikasubiri anifokee. Wapi! Kasema, "Gari limependeza, mwanangu. Nisubiri kidogo."

Karudi na kigoda cha jikoni. Kigoda! Kapandia hicho, mimi nimemshika mkono, majirani wanatazama.

Njia nzima kakipakata kama mtoto mchanga, maana atashukia nini?

Tulipofika kaninong'oneza, "Nisamehe, baba. Haya magoti yangu yanakuaibisha."

Yeye ndiye kaniomba msamaha. Yeye!