Kila Jioni Dada Alijibu Moja

Mtaa wa Sokoni,
Kasulu.
11 Mei 2014

Mpendwa mdogo wangu Shadia,

Assalaam alaikum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Tanga, na joto halijawayeyusha. Sisi huku tu wazima. Mvua zinaaga, maharage yanakauka shambani. Wifi yako bado mgongo unamsumbua, ila ulimi hauumwi hata kidogo.

Kabla ya yote, natangaza kwa masikitiko na taadhima, kwa ndugu walio karibu na walio mbali, kwamba kofia yangu ya Ijumaa imeliwa na mbuzi wa Mzee Bazilio. Sasa naswali na kofia ya mwanangu Abdulrahmani, inayokaa juu ya kichwa hiki kama kizibo cha chupa. Mzee Bazilio naye, badala ya kuniomba radhi, ameniuliza kama kofia ilikuwa na sumu, maana mbuzi hajagusa majani tangu jana.

Duka la vitenge linakwenda hivyo hivyo. Wateja wanashika, wanasifu, wanauliza habari za watoto, wanaondoka.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile nyingine uliyoiandika iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ya kumshtaki nesi Pelagia kwamba alimtelekeza dada yetu Asmahani mpaka akafa. Umeandika kama wakili. Unataka niisaini kwa niaba ya familia ili binti yule aondolewe kazini. Iko chini ya mto wangu tangu ifike, na sijaisaini. Nisikilize kwanza, halafu unitukane. Matusi ya Kitanga hayaumi sana, yanakuja na mahadhi.

Unajua kifua kilimwanza Desemba, kule kwake Makere. Pelagia ndiye aliyempa zile kapsuli, akamsisitiza azimalize hata akijisikia nafuu. Akaiandikisha na simu yake kwenye mpango mpya wa zahanati. Kila jioni unaingia ujumbe: Habari za jioni Bi Asmahani, umekunywa dawa leo? Jibu 1 kama ndiyo, 2 kama bado. Majibu yanakwenda kwenye kompyuta, na Pelagia anayasoma asubuhi. Ukijibu 2, anapanda pikipiki kukufuata nyumbani, hata njia ikiwa uji mtupu.

Dada alijibu 1 kila jioni. Kwa hiyo ni kweli ulivyoandika, Pelagia hakukanyaga mlangoni pake. Kompyuta ilimwambia mgonjwa huyu anameza vizuri kuliko wote. Walimpongeza mbele ya watu na kumpa kipande cha sabuni.

Kifua kikapoa, kikarudi. Akapewa dawa tena, akajibu 1 tena. Kiliporudi mara ya tatu tukamleta hospitali hapa Kasulu. Daktari akaniita pembeni, akasema vidudu vimeshaizoea dawa ile. "Ni kama mwizi, mzee wangu. Ukimpiga nusu ukamwachia, akirudi anaijua fimbo yako." Akaagiza dawa nyingine kutoka Kigoma. Ilipofika, dada alikuwa amekwisha nguvu.

Nilimwuliza palepale wodini.

"Dada, zile kapsuli ulimeza?"

"Nyingine nilimeza."

"Na simu ukaijibu nini?"

"Moja."

"Kwa nini sasa, Dada?"

Akanitazama kama anavyonitazama tangu nina kamasi. "We Muda, mtoto wa watu apande pikipiki kwenye tope lile, aje kuniuliza kikohozi? Akivunjika mguu nitamwambia nini mama yake? Simu imenisalimia kwa adabu, nami nimeijibu kwa adabu."

Nilicheka, Shadia. Ndiye dada yetu yule. Hata akiulizwa habari na mtu aliyemkanyaga, angejibu nzuri.

Pelagia alikuja msibani akakaa na wanawake jikoni, akichambua mchele. Wifi yako anasema hakula kitu. Alikuwa akirudia neno moja tu: "Mbona alinijibu anameza?"

Nisalimie shemeji Shamsi, mwambie ile redio aliyonitengenezea sasa inakamata Burundi peke yake. Nisalimie mama mkwe wako na majirani wote wanaonikumbuka. Wifi yako na Abdulrahmani wanakusalimu sana.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeinuka, nimekunywa maji, nimerudi kukaa.

Hujaniuliza zile kapsuli nyingine zilikwenda wapi, lakini ofisini wataniuliza. Zipo alizompa Nsimire, yule mama Mkongo wa kambini Nyarugusu anayeuza mboga kando ya meza ya dada pale soko la Makere. Alikuja matangani, akaniambia mwenyewe: "Baba, miye sikumuomba. Aliona mutoto yangu anakohoa, akanipatia kinini zake. Akasema tugawane, kama chakula."

Nyingine alimpa Adija wako, alipokuja kwake likizo ile ya Desemba. Mtoto alikuwa akikohoa usiku kwa baridi ya huku. Mama yake mkubwa akaamka, akamgawia za kwake, usiku ule na siku zilizofuata, mpaka kikohozi kikakoma. Wewe ukanipigia simu kushukuru kwamba mtoto amerudi mnene. Dada aliniambia haya siku ya mwisho aliyoweza kusema, akanikataza nisikuambie. Nami nilikusudia kumtii. Ila barua yako ya mashtaka ikifika wilayani, Pelagia ataulizwa, mimi nitaulizwa, na sitaki ulisikie hili kwa karani.

Usimgombeze Adija. Hakuomba. Akikohoa tena mpeleke kwa daktari, umweleze daktari haya yote. Wala wewe usijilaumu, maana dada aligawa tangu tunamjua, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia hapana.

Barua yako ya wilayani nimeirudisha humu ndani ya bahasha, bila saini. Kalamu ninayo, na nitafanya utakavyoniambia.

Mola amrehemu dada yetu, akushike mkono unaposoma hapa.

Ni mimi nikupendaye, leo kuliko jana,
kaka yako Mudathiri.