Ukungu Ulitukuta Matopeni

Nelleke, bado natetemeka. Leo asubuhi shangazi Sjoukje, dada yake baba, alinichukua kutembea matopeni maji yalipokupwa, hapa Moddergat kwao baba.

Ukungu ukashuka ghafla. Tuta la bahari likapotea kabisa.

Shangazi akasimama. Akasema polepole, "Mwanangu, sijui nchi kavu iko wapi."

Yeye, aliyezaliwa hapa hapa. Eti sijui nchi kavu iko wapi.

Na maji yalishaanza kurudi. Yalitufika magotini.

Ndipo tukasikia honi ya trekta. Babu alikuwa juu ya tuta, anapiga bila kuacha. Tukaifuata sauti hadi tukakanyaga majani.

Shangazi anasema hakuogopa. Sasa hivi anamimina kahawa, na nusu yake iko mezani.