Vibandiko vya Kaka Ambrose

Nyumba ya Thornlea,
Wexcombe, Devon.
9 Februari, 1887

Mpendwa mdogo wangu Hester,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Hujambo wewe, na shemeji, na mapacha? Kile kikohozi chako kimekwisha? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kwenye ngazi.

Kaka yetu Ambrose analalamika tangu asubuhi, kwa hiyo hajambo. Macho ndiyo yamefifia. Hasafiri tena, lakini safari zake zote zimehamia ndani. Jeneza la Misri liko chumba cha kulia, na juzi nilifungua kabati la shuka nikakutana na paka aliyekaushwa tangu enzi za Mafarao. Nililia kwa hasira, kisha nikatandika kitanda kwa shuka zile zile.

Umeniuliza mara ngapi kwa nini siji Melbourne, na nauli ulishatuma? Leo nakwambia. Mwaka ule kaka alipokuwa Misri, paa lilivuja, na vibandiko alivyoviandika kwa mkono wake vikabanduka karibu vyote. Mitungi na sanamu alizochimba makaburini zikabaki bila majina. Niliogopa, nikavibandika upya kwa kukisia tu, cha kaburi hili kwenye mtungi wa kaburi lile. Aliporudi akaandika kitabu chake kwa kufuata vibandiko hivyo, akapewa nishani. Tangu hapo sikuthubutu kuondoka. Bwana Pettifer alipotaka kunioa nilimkatalia, maana nikiwa sipo, nani angewazuia wageni kuchunguza? Miaka kumi na minane, Hester.

Sasa kaka ameamua kuupa mji nyumba na vyote vilivyomo. Alhamisi iliyopita meya alikuja kutia saini. Akasoma hati kwa sauti: kitu chochote kisihamishwe, na mimi niwe mtunzaji hadi nife. Sikuwa nimeulizwa. Niliona nimefungiwa humu pamoja na yule paka.

Nikasema, "Ngoja kwanza, Bwana Meya. Vibandiko hivi..."

"Lavinia, mmiminie mgeni chai," kaka akanikata.

"Si vya kweli! Nilibandika ovyo ovyo!"

"Najua!" kaka akafoka. " Nilijua siku ile ile niliporudi. Mitungi nimeichimba mwenyewe, nisiijue?"

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema, ungekuwa bado hapa?"

Meya aliweka kalamu chini bila kutia saini, akaomba kofia yake. Mimi nilikaa juu ya jeneza. Ujana wangu wote nimeilinda siri ambayo mwenyewe alikuwa nayo mfukoni.

Namwonea huruma, Hester, na bado nampenda. Jana alinishika mkono akauliza nani atamsomea magazeti. Nikamwambia mpishi wetu, Bi Budd, anasoma vizuri na hana safari. Meli yangu inaondoka Plymouth tarehe 26.

Nisalimie sana shemeji Walter, na mapacha Edith na Rupert. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake hadi tuonane.

Sanduku langu liko mlangoni. Nimelibandika karatasi yenye jina langu na lako, na hii, mdogo wangu, nimeibandika mahali pake.

Ni mimi dada yako, nisiyeacha kukupenda,
Lavinia