Maombi ya Mama Clever

Elda we! Clever amekwisha!

Leo kanisani amewapa watu wa spika flashi ya kwaya, kumbe amekosea mufuko. Ikalia albamu mpya ya bendi yake, ile roki ya kizunguzungu, kwenye spika zote!

Gitaa linalia kama mtu mwenye homa. Halafu sauti ya mwanamke anaomba, inazunguka, inarudi, maneno hayasikiki vizuri.

Inarudi tena, Elda! Watu wakaanza kuitikia amina!

Mama yake akasimama. "Hiyo sauti ni yangu."

Clever alimurekodi alfajiri, nyuma ya ukuta, bila kumwambia.

Mama akamuangalia weee. "Mutoto wangu, unajua siku ile nilikuwa naomba nini? Uache gitaa."