Mtungi wa Marehemu Ndio wa Kwanza Mferejini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, kwa sababu Jumapili majirani wanakutana tena na huenda mtungi wa mume wangu ukatupwa nje ya ploti. Ninaishi mtaa wa Baba Dogo, mfereji wetu ni mmoja na maji huja alfajiri kwa muda mfupi, kwa hiyo jioni kila mtu huweka mtungi wake kwenye foleni, nao husimama badala ya mwenyewe. Wa kwanza siku zote ulikuwa wa Mulongo, mume wangu, wa manjano, wenye herufi M aliyoichora kwa rangi nyekundu ikachuruzika hadi ikafanana na buibui. Alifanya kazi ya usiku kiwandani, na akirudi akikuta maji yamefika aligonga milango yote akiita, "Amkeni, wateule, Yordani imefurika!" kisha ndipo anateka.

Alifariki mwaka jana, nami nikaendelea kuuweka mtungi wake mbele na wangu nyuma yake, na kwa sababu ya msiba hakuna aliyesema neno, na nakiri kwamba yote miwili naijaza mimi, tena mapema, maana bado naamka saa ile niliyozoea kusikiliza ndara zake, nateka polepole nisimsumbue mtu, narudi kulala. Siku hizi wengi huamka wakakuta mfereji unakohoa hewa tu, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye mkutano uliopita Mama Whitney aliniuliza mbele ya watu, "Mama Ayuma, hebu tuambie, marehemu bado anaoga?" Wakacheka, hata mimi nilicheka kidogo kabla sijakasirika. Kisha Sylvance, karani wa reli, akasimama kama yuko ofisini, akasema kanuni mpya ya foleni, kwamba mtungi wa marehemu usipangwe, ime-supersede ile ya Mulongo. Nikamwambia, "Sema Kiswahili, baba." Akajibu, "Mama, hiyo haina Kiswahili."

Mshauri, je, neno hilo lina maana kwamba mume wangu amefutwa? Mpangaji mgeni akiuliza foleni inaanzia wapi, huambiwa, "Kwa Mulongo." Sijui mahali pengine ambapo jina lake hutajwa bila watu kushusha sauti.

Nerima, Baba Dogo

Nerima, pole sana. Ningependa kuamshwa na mtu wa aina hiyo, ingawa siku ya kwanza ningemtupia kiatu.

Tuanze na karani. Neno lake lina Kiswahili, ila yeye hakulitafuta. Ni kitu kipya kushika nafasi ya cha zamani, na cha zamani kikawekwa kando: ratiba mpya ya treni ikitoka, ile ya jana haifuatwi tena. Waingereza hulitumia kwa kanuni, amri na mashine. Kwa waume hawalitumii. Kwa hiyo futa machozi, Mulongo hajafutwa. Kinachobishaniwa ni zamu yake.

Na hapo, mama, nakugeukia wewe. Unadhani mumeo alitangulia kwenye foleni kwa sababu ya mtungi? Alitangulia kwa sababu aliamsha ploti nzima kabla ya kujaza wake, na hakuna anayemwonea wivu mtu kama huyo. Wewe umerithi nafasi, ukaiacha kazi. Unasikia maji, unanyata kama paka jikoni, unajaza mitungi miwili, kisha unarudi kitandani na kushangaa kwamba watu wana hasira! Hukutaka kuwasumbua? Mumeo aliwasumbua kila siku na walimpenda.

Usingoje Jumapili. Leo jioni weka ule wa manjano mbele, na wako upeleke mwisho kabisa, nyuma ya wa Mama Whitney, ili ajue marehemu anaoga kwa zamu moja tu. Alfajiri ukisikia maji, usiguse mfereji kwanza. Vaa ndara zake, hata zikikupwaya, zipige sakafu watu wazisikie, ugonge milango yote ukiita yale maneno ya Yordani, tena kwa sauti. Ukifanya hivyo, sioni nani atasimama Jumapili kutaka mtungi huo utoke.

Anza na mlango wa Sylvance. Gonga kwa nguvu, na akiuliza ni nani, mwambie ni kanuni ya zamani.