Gari Lililoishia Kilimani

Kwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu nyingi kama nywele za kichwa changu. Za ujana nasema, si hizi zilizobaki. Hujambo wewe? Wajukuu zangu hawajambo? Na mkwe wangu, yule mpole anayekohoa kwanza ndipo aseme, naye mzima? Huku tupo. Goti langu la kushoto limeamua kuzeeka peke yake, mengine yote yanavumilia. Baba yako ana sukari, lakini anatembea, anakula, anabishana na redio.

Usishangae mwandiko. Ni mkono wangu mwenyewe. Shule sikuiona hata mlango, unajua, na herufi nilizipata wapi nitakueleza. Zikienda upande kama kaa, wewe zifuate tu, zitafika.

Nyumba ni ile ile uliyoikimbia. Boneti la akiba limeegemea ukuta wa korido, ukitoka kuoga unaliparamia. Chini ya meza ya kulia kuna giaboksi, na baba yako ameifunika kwa kitambaa changu kizuri cha mezani ili isipate vumbi. Meza yenyewe inakaa uchi. Kabatini, mahali pa sahani za wageni, kuna kabureta tatu. Dirisha la chumbani halifunguki, limezibwa na tairi. Nimezeeka humu kama panya ndani ya debe, mwanangu, na debe nililifunika mwenyewe. Utanielewa.

Tangu astaafu kiwanda cha uchapaji, hana kazi nyingine ila gari lile na chama chao cha magari ya kale. Wako kumi na wanne, wazee watupu, kila mmoja na gari lake na mgongo wake mbovu. Jumapili wanayapanga uwanjani, wanafungua maboneti, wanazitazama injini kama watu waliokwenda kumwona mtoto mchanga. Mimi nakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, nangoja tuondoke ili tukwame.

Maana ugonjwa wa gari lile unaujua. Linawaka vizuri, linakwenda kilomita thelathini, arobaini, likianza kupanda kilima linakohoa, linazima. Ukikaa kando ya barabara nusu saa linawaka tena, utadhani si lenyewe. Wenzake wa chama wanamwita baba yako Nusu Njia. Mwaka juzi waliliazima gari kwa harusi ya mpwa wa mwenyekiti wao, yule daktari wa meno. Bibi harusi alimalizia safari kwenye pikipiki, shela linapepea kama bendera. Daktari wa meno akamwambia baba yako mbele ya watu kwamba gari lile lingekuwa mke, angekuwa ameshalirudisha kwao. Baba yako akacheka, akasema mke anaye, amekaa ndani ya gari lile miaka yote na hajawahi kulalamika. Watu wakanipigia makofi. Mimi nikautazama mkoba wangu.

Amebadilisha pampu ya mafuta, plagi, koili, mabomba. Kabureta ndizo hizo kabatini. Mafundi wameingia na kutoka, kila mmoja akimcheka aliyemtangulia. Miaka ishirini na sita.

Hizo nusu saa za kungoja ndizo zilizonisomesha. Baba yako alichoka kuniona nimenuna, akaanza kunionyesha namba za magari yaliyotupita. Akasema B ni mwanamke mwenye kifua na mimba, O ni mdomo wangu nikimgombeza. Gari likipita nisome upesi kabla halijapotea. Baadaye vibao vya barabarani, halafu magazeti aliyokuwa akija nayo kutoka kazini. Kila nilichokisoma nilikisomea kando ya barabara, gari likiwa limezima. Sikuwahi kumwambia asante. Nilishindwa, na sababu inakuja.

Sasa nikurudishe siku ile unayoichukia. Ulikuwa umechaguliwa shule ya wasichana, ukae kwa shangazi yako, na barua yao ilisema asiyefika kabla ya saa sita mchana, nafasi yake apewe mwingine. Shangazi yako alishauri mpande basi. Baba yako akakataa, akasema binti yake wa kwanza kwenda sekondari atateremka kwenye gari la baba yake. Alilipiga polishi siku mbili. Mkaondoka asubuhi, wewe na sanduku lako la bati, viatu vipya umevishika mkononi visichafuke. Lilizima mara nne. Mabasi mawili yaliwapita yamejaa. Mlipofika, ofisi ilikuwa imefungwa, na kesho yake wakawaambia nafasi imekwisha.

Ulirudi hukulia. Ulimtazama tu. Na mimi, mwanangu, ndiye niliyepiga kelele. Nilisimama mlangoni, majirani wanasikia, nikasema mwanamume huyu anapenda bati kuliko damu yake, amemuua mtoto kwa majivuno. Alikwenda kukaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Maneno yale uliyachukua ukaondoka nayo, na mwanao wa kwanza alipoingia sekondari ukamwandikia baba yako asikanyage kwako. Miaka tisa. Barua yako aliniomba nimsomee mimi, akisema miwani imempotea. Miwani alikuwa nayo mfukoni. Nadhani alitaka kusikia kama sauti yangu itatetemeka kwa ajili yake. Nilisoma hadi mwisho.

Jumanne iliyopita tangi la mafuta lilianza kuvuja kwa kutu. Fundi bati akasema lishuke lote, likatwe, lizibwe upya. Miaka yote hiyo hakuna aliyelishusha. Nilikwenda naye nikakaa kwenye benchi, hatua tatu tu kutoka kwenye tangi. Fundi akalikata, akaingiza koleo, akavuta kitambaa. Kimelowa, cheusi, kirefu kama mkono. Akacheka, akasema hapa mzee ulikuwa na adui: injini ikivuta mafuta, kitambaa kinavutwa, kinaziba tundu, gari linazima, injini ikinyamaza kinaachia, mafuta yanapita tena. Akauliza nani alimchukia hivyo.

Ni mimi, mwanangu.

Ni kipande cha mbeleko yako. Usitafute maana, ndicho kilichokuwa karibu. Nilikichana alfajiri ile ulipokuwa unaoga, nikakisukuma kwenye mdomo wa tangi kwa mpini wa mwiko. Na nisikudanganye kwamba nilitaka uchelewe kidogo. Nilitaka usiende. Mlikuwa mnakaa mezani wewe na baba yako mnasoma, mnachekea mambo yaliyo kwenye karatasi, na mimi nasimama na sufuria kama mtumishi. Nilisema akienda huyu, atarudi mgeni, ataona haya kuniita mama. Nikakukata miguu ili ubaki kwangu. Hukubaki. Baadaye nilijaribu kukitoa kwa waya, hakikunasa, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Njia ya mwongo fupi. Yangu haikuwahi kuvuka kile kilima.

Baba yako alikigeuza kitambaa mkononi. Pindo lake nililishona kwa uzi mwekundu, na uzi haukufa. Akaliona. Akamwambia fundi kwamba ni tambara lake mwenyewe la kufutia mikono, alilisahau ndani zamani. Akalikamua, akalikunja, akalitia mfukoni. Hakunitazama. Angenitazama ningepumua.

Tulirudi nyumbani, akaomba chumvi, nikampa. Siku nne sasa anapiga mluzi, anafunga tangi, ananiuliza kama chai ipo. Nampisha koridoni nikiwa nimebana pumzi. Jana alilijaribu gari, akalipandisha kilima chote, akarudi. Akaniambia nijiandae, Ijumaa tunakwenda kwa binti yetu, safari hii litafika. Saa sita za barabara, mwanangu, mimi na yeye, na halizimi tena niombe kushuka.

Ndiyo maana barua hii inatangulia kwa basi la kesho. Sikutaka akueleze yeye, na namjua, hatakueleza. Atasimama getini kwako kama mkosaji, na kosa si lake, halijawa lake hata siku moja. Ukimfukuza utakuwa umefanya nilivyofanya mimi mlangoni siku ile. Mimi nifanye utakavyo. Nikiambiwa nibaki ndani ya gari nitabaki, nimezoea.

Nibusie wajukuu wote, yule mdogo mara mbili. Msalimie mkwe wangu, mwambie asikohoe sana tukifika. Majirani wa huku wanakusalimu, hata yule mwenye mdomo. Chai ya baba yako isiwe na sukari, daktari amemkataza. Yangu, ukinipa, nitainywa ilivyo.

Ni mimi,
Mama yako