Nyamazeni, Narekodi

Winnipeg, 15 Januari 1984

Dada Avril mpendwa,

Hujambo wewe, na mgongo wako nao haujambo? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Winnipeg haina adabu. Jana nimetoka na nywele mbichi, zikaganda kabla sijalifikia gari. Baba anaendeleaje? Msalimie, mwambie nimesikia timu yake ya raga imefungwa tena.

Sasa nina ombi, na usinicheke. Unaikumbuka Taa za Zohali, ile tamthilia ya anga ya televisheni? Nimejiunga na chama cha watu wanaoipenda, ndiyo, watu wazima wenye vitambi vyao. Wanasema wenye televisheni walifuta vipindi chungu nzima ili watumie mikanda upya, na kimojawapo ni kile cha mauaji: wale watu waliofungiwa kwenye kituo cha angani, kila mara mmoja anakutwa amekufa, na muuaji yumo humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna nakala popote duniani, na hakuna anayekumbuka muuaji alikuwa nani. Juzi wazee wawili nusura wakunjane mashati, mmoja anasema daktari, mwingine mpishi.

Mimi sauti yake nilirekodi. Unakumbuka ile mashine ya kurekodia niliyopewa Krismasi? Maiki niliielekeza kwenye televisheni, na nyumba nzima marufuku kukohoa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja lakini amri zangu zilikuwa za jenerali. Mkanda uko darini, kwenye kopo la biskuti. Najua ni ile Jumamosi mama alipoondoka, ndiyo maana sijawahi kuutaka. Lakini ni zamani sasa. Nitafutie, dada.

Mdogo wako,
Russell


Keighley, 4 Februari

Jenerali wangu,

Salamu nimezipata na Baba amezipata, ya raga akaguna. Mgongo ni ule ule, masufuria ya shule hayapungui uzito.

Mkanda wako nimeupata. Nilipanda darini nikala vumbi mpaka puani, Baba akasimama chini ya ngazi, anauliza natafuta nini. Nikamwambia Russell anautaka mkanda wake wa kipindi cha anga. Akasema angejua takataka hizo zipo angezitupa zamani. Chai yake aliiacha ikapoa. Unamjua, jambo lolote la mwaka ule linamuumiza. Mke kaondoka na sanduku moja, hata kutubusu hakutubusu, na Baba katulea peke yake bila kumtukana hata siku moja mbele yetu. Nilimwonea huruma.

Mashine ya kuusikilizia hatuna, ila shuleni iko moja chumba cha muziki. Nitaiazima tukishaosha vyombo vya mchana. Mimi nasema muuaji ni mpishi. Wapishi tunavumilia mengi.

Dada yako,
Avril


Keighley, 19 Februari

Russell,

Salamu. Wote wazima. Mkanda umeharibika, unakwaruza tu mwanzo mpaka mwisho. Waambie wenzako hakuna kitu. Tafadhali usiutaje kwenye barua za nyumbani, wala kwenye simu, maana simu yenyewe iko ukumbini karibu na kiti cha Baba. Ukiniandikia, tumia anwani ya shule, jikoni. Usiniulize.

Avril


Winnipeg, 5 Machi

Dada yangu,

U mzima? Safari hii sikuulizi kwa mazoea. Umeniandikia kijibarua cha kiganja, na hata "dada yako" hukuweka. Uongo hukujaliwa, Avril. Tangu utotoni ukidanganya masikio yanageuka mekundu, na mimi nimeyaona mpaka huku.

Halafu kuna hili. Baba ameniandikia. Baba huyu huyu, ambaye hata kadi za Krismasi unamsainia wewe. Ananisalimu vizuri, anauliza habari za theluji, kisha anauliza kama utotoni niliwahi kutoa nakala ya mikanda yangu, au kumwazima mtu. Chini ya karatasi anauliza tena. Nimeisoma nimesimama, nikaenda kufunga mlango kwa ufunguo, na hata sijui kwa nini. Niambie kuna nini kwenye huo mkanda.

Mdogo wako,
Russell


Keighley, 16 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba napumua. Nakuandikia nimekalia gunia la viazi stoo ya shule, mlango nimeufunga kwa ndani, na bado nageuka nyuma kila mara.

Mkanda mzima kabisa. Mwanzo ni muziki, kisha kapteni anaamuru milango yote ifungwe. Halafu nyuma ya sauti zao, kutoka jikoni kwetu, namsikia mama. Russell, nilikuwa nimeisahau sauti yake. Anasema, "Stan, niachie, watoto wapo hapo." Baba anasema kitu sikisikii. Mama anasema, "Tafadhali." Kiti kinaanguka, na baada ya kiti kitu kizito zaidi. Kuna kipande hapo katikati sitakuandikia. Kisha mlango wetu unafunguliwa, Baba anaingia anahema kama aliyepanda mlima, anakaa nasi kwenye kochi. Anakuuliza wewe, "Haya, muuaji ni nani?" Nawe unamweleza vizuri tu, mtuhumiwa mmoja mmoja. Naye anatazama nasi mpaka mwisho.

Lile sanduku nani aliliona likitoka? Ni yeye aliyetuambia. Na kile kijumba cha makaa uani alikiziba mlango kwa matofali wiki ile ile, nasi tukiwa bado tunawasha makaa.

Naogopa, Russell. Haniulizi kitu, ananitazama tu. Nikirudi kazini nakuta droo zangu zimepekuliwa, na nguo zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Jana tunakula, kaweka kisu mezani akasema, "Siku hizi unafanana na mama yako." Ile soseji niliimeza bila kuisikia ladha.

Sajenti wa polisi wa hapa hucheza naye karata, simwamini. Kwa hiyo mkanda nimekupostia leo. Ukiupata niandikie hapa shuleni. Barua yako ikinifikia, siku hiyo hiyo nahamia kwa shangazi Edna, nawe uwapigie polisi wakubwa wa Leeds. Kabla ya hapo usimwambie mtu, nami bado nalala nyumba hii. Nikiondoka mapema atajua, na mkanda bado uko njiani.

Dada yako,
Avril


Winnipeg, 16 Aprili

Dada,

Umefika. Ondoka. Salamu nitakupa siku nyingine.

Nimeusikiliza mara moja na sirudii. Kile kipande ulichonificha nimekisikia, na nimeelewa kwa nini ulinificha. Mama ananiita. Anaita "Russell", na mimi na maiki yangu najibu kwa hasira, "Nyamazeni huko, narekodi." Na kweli kunakuwa kimya.

Sijamwonyesha mtu. Nakala ni hii moja tu, nimeifungia kabatini kwangu, na polisi siwaambii neno mpaka nijue umetoka. Nimepiga simu ya shule tangu asubuhi, inaita tu, hakuna anayepokea, sielewi. Nenda kwa shangazi Edna leo hii. Hata koti usirudi kulichukua. Ukifika nipigie, gharama juu yangu. Nimekaa pembeni ya simu.

Mdogo wako,
Russell


Keighley, 25 Aprili

Mwanangu Russell,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, na kwamba theluji ya huko imeyeyuka. Mimi kwa umri wangu sina la kulalamika, labda magoti. Hapa mvua inanyesha, na timu yetu hatimaye imeshinda.

Barua yako ya shuleni nimeipata. Shule zimefungwa kwa Pasaka, mwanangu, naona umeshasahau mambo ya kwetu. Bwana Ogden, mlinzi wa pale, aliikuta sakafuni mlangoni, akaona stempu za mbali, akasema huenda ni ya haraka. Akatembea nayo kwenye mvua mpaka hapa. Mtu mwema sana, nilimpa chai. Avril alikuwa juu anapiga pasi, kwa hiyo niliipokea mimi.

Mwandiko wako bado mzuri. Nimefurahi kusikia kwamba nakala ni moja tu na iko kabatini kwako, na kwamba hujawasumbua watu na habari zetu. Mambo ya nyumbani hayatoki nje.

Shangazi yako Edna usimpigie, atahangaika bure. Avril naye hatakuandikia tena. Alikuwa na wasiwasi mwingi siku hizi, nimempumzisha.

Mimi ndege sijapata kupanda, lakini kijana wa duka la tiketi amenielekeza kila kitu. Nafika Winnipeg Jumanne. Usipate taabu ya kuja kunipokea, anwani yako iko hapa nyuma ya bahasha. Posta siku hizi haina haraka, kwa hiyo usishangae nikiitangulia barua hii.

Baba yako